Wakuu, hizi waini nyekundu za Ugiriki za kilimo hai nimwelezeje mgeni? Xinomavro, Agiorgitiko na wenzake

mhudumu_paje

Habari zenu wakuu. Nipo Zenji huku upande wa Paje, nafanya kazi mgahawani kwenye hoteli moja ndogo ya ufukweni. Miaka yote tumekuwa na waini za Afrika Kusini, mgeni akitaka nyekundu unamwambia kuna Pinotage, kuna Cabernet, kuna Merlot, anachagua maisha yanaendelea. Sasa bosi kaingia ubia na Mgiriki mmoja na huyo Mgiriki kaja na mzigo wa waini nyekundu za kwao tupu, zote zina lile jani la kijani la nyota nyota yaani ni za oganiki, na majina yake mtihani mtupu. Kuna Naoussa imeandikwa Xinomavro, kuna Nemea ya Agiorgitiko, kuna ya Krete ina zabibu mbili Kotsifali na Mandilaria, kuna Limniona sijui ndo ya wapi, na kuna Mavrodaphne ambayo mgeni mmoja akaniambia hiyo si ni ya sukari? nikafungua haina sukari hata chembe.

Kinachonitesa ni maswali. Juzi mama mmoja wa Kijerumani karudisha Xinomavro anasema imechacha, nikaionja jikoni kweli ina ukali na inakausha mdomo mpaka ulimi unagoma, ila yule Mgiriki alipoonja akacheka akasema hiyo ndo yenyewe. Wengine wananiuliza mbona mnasema oganiki halafu nyuma ya chupa imeandikwa ina salfaiti, mnatudanganya? Na Wamarekani ndo wakali zaidi kwenye hilo. Afu kuna wale wanaotaka niwahakikishie kwamba kwa vile ni oganiki basi kesho hawataamka na kichwa.

Naomba mwenye uelewa anifafanulie kwa lugha ya kawaida, hizi zabibu zinatofautianaje, ipi nimpe nani na kwa chakula gani maana menyu yetu ni pweza, kamba, mishkaki, pilau, na hiyo oganiki kwenye waini maana yake hasa ni nini. Na zinatamkwaje jamani. Mi mwenyewe sio mnywaji, naonja tu kwa ajili ya kazi. Nawasilisha.

kitwana_mchangani

Mkuu wenzio wanamwambia mgeni hii nzuri sana bosi halafu kizibo puu, wewe unafanya utafiti kabisa. Utapandishwa cheo. Nakaa hapa nasubiri wajuzi japo mi natumia tangawizi tu.

bint_kypseli

Kaka mhudumu pole na kazi. Mi nipo Athens, nauza kwenye kava, huku ndo wanavyoita maduka ya vinywaji, kwahiyo hizo chupa zako nazishika kila siku na maswali hayo hayo naulizwa.

Kwanza matamshi tumalize. Sema ksinómavro, ayoryítiko, náusa, neméa, limnióna, mavrodáfni. Kotsifali na Mandilaria soma kama zilivyo, mkazo uweke kwenye "fa" kwa Kotsifali, na mwishoni kwa Mandilaria. Mgiriki wako atafurahi mpaka basi.

Sasa kitu cha kwanza cha kushika: jani la kijani halikwambii ladha. Linakwambia shamba lilivyolimwa na kiasi cha baadhi ya vitu walivyoruhusiwa kuweka kiwandani, basi. Ladha iko kwenye jina la zabibu, na Ugiriki wana zabibu zao za asili nyingi ambazo hazipo sehemu nyingine yoyote ya maana, ndo maana mgeni aliyezoea Merlot anapotea. Kwahiyo ukimwelezea mgeni anza na zabibu, oganiki iache mwisho, wewe naona unaanza na oganiki ndo maana wanakubana.

Xinomavro. Huyu ni wa kaskazini, Makedonia ya Ugiriki, na Naoussa ndo kwao, miteremko ya mlima Vermio. Hapo hapo kuna mashamba ya pichi mpaka uchoke. Tangu 1971 sheria inasema chupa ikiandikwa Naoussa ndani lazima iwe Xinomavro mtupu, hakuna kuchanganya. Rangi yake haijakolea, ikikaa miaka inageuka kama ya tofali, na mgeni anayeangalia glasi anadhani ni waini nyepesi, akiweka mdomoni anakutana na uchachu wa juu na ukakasi wa nguvu, hapo ndo mama wa Kijerumani alipotishika. Ule ukakasi ni kama umetafuna bibo la korosho, unajua lilivyo. Harufu yake sasa ndo utamu wake, nyanya iliyokaushwa, zeituni, stroberi, ikizeeka inakuja ngozi na majani makavu. Wataalamu wanaifananisha na Nebbiolo ya Italia, ile ya Barolo, kwahiyo mgeni akikwambia anapenda Barolo wewe mkimbizie Naoussa bila kufikiria. Ila asiyekunywa na chakula usimpe. Hii ni waini ya mezani, inataka nyama yenye mafuta, peke yake ufukweni saa tisa mchana unamkosea mteja na unaikosea waini.

Halafu angalia chupa imeandikwa nini. Siku hizi kuna Xinomavro za mizabibu michanga, Apostolos Thymiopoulos wa Naoussa ndo alizipa jina sana hizi, ukakasi kidogo na matunda mengi, unaweza hata kuipoza. Hizo ni tofauti kabisa na ile iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni. Kama mzigo wako una zote mbili usiziuze kwa maneno yale yale. Na ukija kuona Amyndeon ni Xinomavro pia, ila ya nyanda za juu kama mita 600 kwenye udongo wa mchanga karibu na maziwa, kunakuwa na baridi, wanatengeneza mpaka rozee na zenye mapovu. Goumenissa wao wanachanganya na Negoska kuilainisha, Rapsani chini ya mlima Olympus wanachanganya na Krassato na Stavroto. Hizi huna ila ipo siku ataleta.

Agiorgitiko ndo rafiki yako. Nemea, Peloponnese, nayo tangu 1971 ikiandikwa Nemea ni Agiorgitiko peke yake. Rangi nzito, cheri na plamu, viungo kidogo kama mdalasini, ukakasi wake laini. Mgeni asiyejua anataka nini mpe hii. Wenyewe wanaiita damu ya Hercules, maana simba wa hadithi aliuawa Nemea, wageni wanapenda sana stori hiyo kwahiyo itumie. Ila ujue Nemea ni kubwa na mashamba yanaanza bondeni mpaka huko Asprokampos kwenye mita 800 na zaidi, za bondeni zinakuwa tamutamu na nzito, za juu zina uchachu mzuri na zinakaa miaka. Kama mzalishaji ameandika jina la kijiji, Koutsi kwa mfano, kawaida ni mtu anayejua anachofanya.

Ya Krete ni ndoa ya kusaidiana. Kotsifali ana alkoholi na harufu ila rangi hana, Mandilaria ana rangi nyeusi na ukakasi ila mwili mwepesi, ukiwaweka pamoja kila mmoja anaziba pengo la mwenzie. Peza na Archanes, maeneo ya huko huko Krete, ndo mchanganyiko wao wa kisheria huo.

Limniona ni ya Thessaly, ilibaki kidogo ipotee kabisa, Christos Zafeirakis wa Tyrnavos ndo mmoja wa waliohangaika kuirudisha na yeye analima kilimo hai. Mi ndo naipenda kuliko zote hapo, haina kelele. Nyepesi, ina uchachu safi, kwa joto la huko kwenu ndo ingenifaa.

Mavrodaphne narudi baadae mteja kaingia.

mzee_wa_hombolo

Nawasalimu wote. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Dodoma, Makutupora nyekundu na nyeupe kidogo, mchuzi wa zabibu nauza kwa wenye viwanda. Binti umeeleza vizuri sana, ila mimi nina swali la shambani maana nyie mnaongelea glasi. Hawa Wagiriki wanawezaje kulima zabibu bila dawa? Mimi nikikosa kupiga dawa wiki mbili wakati wa mvua, ubwiri unga na ule ukungu wa chini ya majani unamaliza kila kitu, vichala vinakauka unaviangalia. Hapa tunapogoa mara mbili kwa mwaka tunavuna mara mbili, ule uvunaji wa mwezi wa tatu ndio wenye balaa. Hao wanatumia nini? Au ndio wanaandika oganiki halafu usiku wanapiga? Nauliza kwa nia ya kujifunza.

mchumaji_thess

Shikamoo mzee wangu wa Hombolo. Mi nipo Thessaloniki, nafanya kazi za msimu mashambani, huwa nashuka Naoussa kuvuna kwenye shamba la kilimo hai, nikujibu kwa nilivyoona na nilivyoelekezwa na wenye shamba.

Dawa wanapiga mzee. Hapo ndo watu wengi hawaelewi. Kilimo hai sio kwamba hupigi kitu, ni kwamba huruhusiwi vile viuatilifu vya viwandani, vile vinavyoingia ndani ya mmea vikatembea nao. Wanachoruhusiwa ni salfa ya unga au ya maji kwa ubwiri unga, na kwa ule ukungu wa chini ya majani wanapiga shaba, ni ule ule mrututu unaochanganywa na chokaa, nadhani hata wewe unaujua. Ila shaba ina kikomo, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ni kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka, maana shaba haiozi, inajikusanya kwenye udongo na kuua minyoo. Mwaka wa mvua unaweza kupitiliza hizo 4 ila utafidia miaka mingine. Na hizi dawa zinakaa juu ya jani tu, mvua ikinyesha zinaoshwa unarudia, kwahiyo diseli ya trekta inakwenda sana na mwenye shamba halali vizuri.

Ila siri yao kubwa ni hali ya hewa. Kwako mzabibu haulali mzee, wewe ndo unaulazimisha kwa kupogoa, kwahiyo mzao mmoja lazima ukutane na mvua. Huku mzabibu unalala wenyewe wakati wa baridi, wanapogoa mwezi wa kwanza wa pili, unaamka masika yao, halafu kiangazi chote cha mwezi wa saba na wa nane mvua ni ya kubahatisha, ukungu unakosa maji. Visiwani ndo kabisa, kuna upepo wanauita meltemi unakausha kila kitu. Kwahiyo Ugiriki ni nchi rahisi kidogo kwa kilimo hai ukilinganisha na Ufaransa upande wa Bordeaux. Sio kwamba hawaumii, mwaka 2023 mvua za mwezi wa tano na wa sita zilileta ukungu mkali na mashamba mengi ya kilimo hai yalipoteza mzigo, wengine walivuna kidogo sana. Agiorgitiko ndo anaugua upesi kuliko wengi, maganda yake na vichala vyake ukungu unavipenda, ndo maana wanaolima Agiorgitiko wa kilimo hai wengi wako juu milimani kwenye upepo. Xinomavro naye anachelewa kuiva, wa Naoussa unamvuna mwishoni mwa mwezi wa tisa au wa kumi, mvua za vuli zikiwahi anaoza kwenye kichala. Tunavyovuna tunapewa mkasi na tunaambiwa kabisa hiki kata hiki tupa chini, mpaka mgongo unasahau kunyooka.

Magugu hawapigi dawa, wanalima katikati ya mistari au wanaacha majani yanakua wanayafyeka, wengine wanapanda kunde na maharage ya kwao ili udongo upate naitrojeni, wengine wanaingiza kondoo wakati wa baridi wale majani na waache samadi. Kuna mdudu nondo anayetoboa zabibu, huyo wanamtegea kwa vikamba vya plastiki wanavifunga kwenye nyaya za mizabibu shamba zima, vinatoa harufu ya nondo jike, madume yanachanganyikiwa hayajui pa kwenda, hawazaliani. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani wananitania.

Na mzee ili uandikwe kilimo hai lazima shamba likae miaka 3 linalimwa hivyo huku linakaguliwa kabla hujaruhusiwa kuweka jani kwenye chupa. Miaka hiyo 3 unapata hasara ya kilimo hai na unauza kwa bei ya kawaida. Ndo maana kuna wakulima wadogo kibao wanalima hivyo hivyo toka kwa babu zao ila cheti hawana, gharama za mkaguzi na makaratasi wameshindwa.

mzee_wa_hombolo

Marahaba kijana wangu. Sasa nimeelewa. Mrututu naujua tangu ujana, salfa ndiyo ninayoipiga. Kumbe nusu ya kazi nilikuwa naifanya. Hiyo ya nondo jike imenifurahisha. Lakini ule mzao wa mvua sioni mtu akitoboa bila dawa nyingine, labda mtu akubali kuvuna ule wa kiangazi peke yake, mwezi wa nane wa tisa, na bei iwe ya kumtosha. Huku bei ya mchuzi wa zabibu ikishuka unatamani kung'oa shamba zima. Nchi zetu za Afrika Mashariki nazo zina alama yake ya Kilimohai tangu 2007 ila kwenye zabibu sijaona mwenzangu hata mmoja mwenye nayo.

Njugush_Likoni

Sasa mi niulize tu, hii oganiki si ni biashara ya kupandisha bei? Nimefanya kazi hoteli za Diani miaka mingi, mgeni akiona jani la kijani anatoa doo haraka, lakini waini ni ile ile. Mgiriki wenu naye anapiga copper kila wiki halafu anaita hiyo safi. Tusidanganyane.

bint_kypseli

Njugush hujakosea kote. Chupa ikiwa na jani inaweza kuwa mbovu vilevile, nimefungua za kutosha. Na kuna waini nzuri ajabu hazina jani. Mi mwenyewe sinunui jani, nanunua mtu na zabibu. Ila kusema ni ile ile sio kweli, kuna mambo yamebanwa kisheria na hapo ndo namjibu kaka mhudumu kuhusu salfaiti.

Salfaiti ni dawa ya kuzuia waini isiharibike na isigeuke siki, inatumika zamani na zamani. Hakuna waini isiyo nayo kabisa maana hamira yenyewe inapochachusha zabibu inatoa kidogo. Ulaya ikizidi miligramu 10 kwa lita ni lazima uandike, kwahiyo maandishi ya nyuma ya chupa yatakuwepo tu kwenye karibu kila waini, oganiki au sio oganiki. Tofauti ni kikomo. Nyekundu kavu ya kawaida mwisho miligramu 150 kwa lita, ya kilimo hai mwisho 100. Wazalishaji wengi wazuri wanakaa chini ya hapo sana.

Na kabla ya 2012 Ulaya hakukuwa na kitu kinaitwa waini ya oganiki kisheria, uliruhusiwa tu kuandika waini iliyotokana na zabibu za kilimo hai, maana sheria ilikuwa inaishia shambani. Kuanzia mavuno ya 2012 ndo wakaweka na sheria za ndani ya kiwanda na jani likaruhusiwa kwenye chupa. Chini ya jani tafuta herufi GR-BIO na namba, hiyo ni alama ya shirika lililokagua, na maneno βιολογικός οίνος ndo waini ya kilimo hai kwa Kigiriki. Mgeni mbishi mwonyeshe hapo kwa kidole.

Wamarekani ugomvi wao unatoka kwao. Sheria ya Marekani ni kali kwenye hili, chupa yenye nembo ya oganiki ya kwao hairuhusiwi kuongezwa salfaiti hata kidogo, ukiongeza mpaka 100 unaandika tu imetengenezwa kwa zabibu za oganiki. Kwahiyo Mmarekani akiona jani na salfaiti chupa moja anahisi kaibiwa, kumbe ni sheria mbili tofauti. Mweleze hivyo hivyo kwa upole, wengi wanaelewa.

Njugush_Likoni

Haya dada hiyo nimekubali, ya 100 na 150 sikuwa najua. Kwa hiyo kichwa asubuhi ni nini basi, maana wazungu wote wanalaumu sulphite.

bint_kypseli

Jiulize hivi, waini nyeupe zinaruhusiwa salfaiti nyingi kuliko nyekundu, kavu ya kawaida mpaka 200, lakini watu wanaolalamika kichwa wanalalamikia nyekundu. Na aprikoti zile kavu za rangi ya chungwa zimejaa salfaiti kuliko glasi yako, mbona hawashiki vichwa? Kinachoumiza zaidi ni alkoholi yenyewe, na mtu kashinda juani Paje siku nzima bila maji halafu anamaliza chupa ya asilimia 14. Wachache wenye pumu kweli wanaweza kusumbuliwa na salfaiti, mgeni akisema ana pumu asishawishiwe kwamba oganiki ni salama kwake. Kaka usiahidi mtu habari za kichwa kabisa, mpe jagi la maji mezani bila kuombwa.

Njugush_Likoni

Basi mimi nichangie yangu ya hoteli, hii najua. Mhudumu, hizo nyekundu mnazipeana kwa joto gani? Kwa sababu watu wetu wameambiwa waini nyekundu ni ya joto la chumba, na chumba cha Ulaya si chumba cha Pwani. Hapa kwetu store bila AC ni 30 na kitu, ukimwaga Agiorgitiko ya joto hilo kwa glasi inanuka spirit tupu na utamu mbaya, mgeni atarudisha tu. Weka chupa kwa fridge nusu saa hivi hadi dakika 40 kabla ya kupeleka mezani, ifike kama 16 hadi 18. Zile nyepesi kama hiyo Limniona teremsha mpaka 14, hakuna mtu atakulaumu. Xinomavro nayo usiifanye baridi sana, ukakasi unazidi kuuma ikiwa baridi. Hiyo mwaga mapema kwa jagi la kioo kubwa ipate hewa saa nzima, halafu peleka na nyama. Nina imani huyo mama Mjerumani angekaa nayo hivyo na sahani ya mishkaki hangeirudisha.

Na angalia vizibo ukipokea mzigo. Kontena likichomeka na jua bandarini waini inapanda inasukuma kizibo, utaona kimetokeza au kuna alama za waini imevuja pembeni. Hizo ni za kupika, si za kuuza. Na hizi zenye salfaiti kidogo ndizo zinaharibika mapema kwa joto, sasa mkiziweka store moja na viti vya plastiki vya beach mjue mnachoma pesa ya mwenye hoteli.

mhudumu_paje

Aisee wakuu mmenipa darasa la bure. Njugush umenigusa kwenye joto, sisi tunaziweka kabatini pale baa karibu na jiko, zina joto muda wote, leo leo naongea na bosi. Vizibo nimeangalia vipo sawa ila kuna mbili za Krete zimetokeza kidogo nimeziweka pembeni.

Dada wa Athens naomba unimalizie chakula. Mishkaki ya ng'ombe nimeelewa Xinomavro. Pweza je? Sisi tunapika pweza wa nazi na pweza wa kuchoma. Na pilau. Na wageni wetu wanapenda pilipili kuliko sisi wenyewe. Halafu ile Mavrodaphne uliyosema utarudi.

bint_kypseli

Nimerudi, samahani leo Ijumaa duka limejaa.

Pweza na waini nyekundu huku ni kawaida kabisa, kuna mapishi yao ya pweza anayechemshwa taratibu ndani ya waini nyekundu na siki kidogo na majani ya bei mpaka analainika, kwahiyo mgeni akishangaa nyekundu na pweza mwambie Wagiriki wenyewe ndo wanavyokula. Pweza wa kuchoma mpe Limniona iliyopozwa, au ile ya Krete kama haikukaa sana kwenye mapipa. Pweza wa nazi kusema kweli hapo nyekundu zako zote zinahangaika, nazi ina mafuta na utamu wake, ningempa nyeupe, ila aking'ang'ania nyekundu basi Limniona tena. Kamba usijaribu na Xinomavro, ukakasi ukikutana na kamba inabaki ladha ya chuma mdomoni, niamini.

Pilau na Agiorgitiko ni watu wa nyumba moja, ile mdalasini na karafuu inakutana na viungo vya waini vizuri. Pilipili kali ndo adui wa ukakasi na alkoholi, vinachocheana, kwahiyo mtu wa pilipili mpeleke kwenye nyepesi na ya baridi. Na kitu chochote cha nyanya iliyopikwa sana, rosti ya nyanya, biringanya, hapo Xinomavro inang'aa kwa sababu ya uchachu wake, sio lazima nyama. Mla mboga wa Kizungu atakushukuru.

Sasa Mavrodaphne. Mgeni wako yupo sahihi na wewe upo sahihi. Maarufu ni ile Mavrodaphne ya Patras, tamu, nzito, wanakatisha uchachushaji kwa kuongeza spiriti ya zabibu ili sukari ibaki, halafu inazeeka kwenye mapipa. Ilianzia kiwanda cha Achaia Clauss, kilichoanzishwa na Mjerumani Gustav Clauss 1861, ndo watu wote wanaijua hiyo, na kwa miaka mingi nyingi iliyouzwa nje ilikuwa ya bei rahisi kwahiyo jina likachafuka. Ila zabibu yenyewe haina kosa. Kefalonia na Patras kuna watu wanaitengeneza kavu, Sclavos wa Kefalonia kwa mfano na yeye ni wa kilimo hai, na inatoka nyeusi, ina harufu ya majani ya bei na plamu nyeusi na chokoleti chungu. Mzigo wako ni huo. Kabla hujafungua mwulize mgeni anategemea kavu au tamu, usisubiri aionje ndo mgundue mnaongea vitu viwili. Kavu hiyo weka kwa mbuzi wa kuchoma au nyama ya kuoka, joto 16 hivi.

mchumaji_thess

Niongeze dogo, Mavrodaphne tamu nayo ikija usiikatae, inaenda na halua yenu ya Zenji, hilo nimelijaribu mwenyewe huku na halua niliyotumiwa kutoka nyumbani na Wagiriki wa shambani waliimaliza sahani.

mzee_wa_hombolo

Kijana wa Thessaloniki nina swali la mwisho kisha niwaache. Hivyo vikamba vya nondo vinafanya kazi kwenye shamba dogo la eka moja au mpaka majirani wote wafunge?

mchumaji_thess

Mzee hapo umeuliza penyewe. Shamba dogo peke yake havisaidii sana, jike linapandwa kwa jirani halafu linaruka linakuja kutaga kwako. Kule Naoussa wanafunga eneo kubwa kwa pamoja, majirani wanaelewana, na pembeni ya shamba wanaongeza vingi zaidi kuliko katikati. Ila harufu ile ni ya nondo wa Ulaya, kwanza mwite afisa ugani ahakikishe anayekusumbua Hombolo ni nani, asije akawa mdudu mwingine kabisa ukanunua harufu ya bure.

mhudumu_paje

Bosi kakubali friji ndogo ya waini. Xinomavro nimeihamishia kwenye ukurasa wa nyama na nimeandika pembeni inafunguliwa saa moja kabla, agiza mapema. Dada, kikaratasi chekundu kilichobandikwa juu ya kizibo cha Naoussa na Nemea ni cha nini? Mgeni wa meza namba 4 anauliza sasa hivi.

bint_kypseli

Hicho ni cha waini kavu zenye jina la eneo linalolindwa kisheria, tamu zenye hadhi hiyo zina cha bluu. Hakihusiani na oganiki. Mwambie hivyo halafu mmiminie.